Mkulima ajue uzani kabla ya kufunga trela kwa pikapu mpya

MKULIMA anaponunua pikapu mpya, aghalabu huanza kuwaza jinsi ya kuiongezea mzigo. Msimu wa viazi ukifika, pikapu ya tani moja haitoshi, na kukodi lori hula faida. Hapo ndipo wazo la trela huzuka, na safari ya kutafuta kiungo cha kulivutia, dukani au kwa fundi wa juakali, ikaanza.

Tatizo ni kwamba wengi huanzia mwisho. Huchagua kiungo kwa bei, kwa unene wa chuma au kwa kuwa jirani amefunga kama hicho. Ukweli ni kwamba kiungo kinene hakiliongezei gari nguvu. Kiungo kikiwa cha kilo 3,500 nalo gari limeundwa kuvuta kilo 2,500, uwezo ni kilo 2,500. Sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo huamua.

Pa kuanzia ni kitabu cha gari. Humo mtengenezaji hutaja uzani ambao gari linaweza kuvuta, na uzani wa juu zaidi wa gari lenyewe likiwa limepakia. Pikapu kadhaa za dizeli za Toyota Hilux na Isuzu D-Max zimeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini trela liwe na breki zake. Kwa trela lisilo na breki, kiwango ni kilo 750 pekee. Takwimu hizi hubadilika kulingana na injini na modeli, kwa hivyo neno la muuzaji halitoshi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao muuzaji hatakuwa kwenye usukani.

Hatua ya pili ni hesabu. Chukua mfano wa trela lenye kilo 600 likiwa tupu. Likipakiwa magunia 30 ya viazi ya kilo 50, jumla ni kilo 2,100. Trela likipangwa vyema, takriban asilimia 10 ya uzani huo hukandamiza kiungo, yaani kilo 210. Hizo ni sehemu ya mzigo wa pikapu. Ikiwa pikapu inabeba kilo 1,000, ukitoa kilo 210 za trela na kilo 150 za dereva na msaidizi wake, zinabaki kilo 640. Hayo ni magunia 12, si 20 kama wengi wanavyodhani.

Isitoshe, kiungo cha kawaida hukaa nyuma ya ekseli, na hapo uzani hufanya kazi kama wenzo. Kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, na ekseli mbili zikiwa mita 3 kutoka kwa nyingine, zile kilo 210 huilemea ekseli ya nyuma kwa kilo 294. Magurudumu ya mbele nayo hupunguziwa kilo 84, usukani ukawa mwepesi mno.

Baadhi ya Wamarekani wenye pikapu kubwa kama Ford F-250 na Ram 2500 hukwepa hali hii kwa kufunga kiungo kiitwacho gurudumu la tano. Ni sahani ya chuma yenye taya zinazoshika pini ya trela, kama ile ya malori yanayobeba makasha kutoka Mombasa. Hufungwa ndani ya sehemu ya mizigo, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na trela hutulia barabarani.

Wapo wanaotamani kuiga mtindo huo kwa pikapu ya tani moja. Wasifanye hivyo. Kiungo cha aina hii huelekeza asilimia 15 hadi 25 ya uzani wa trela kwenye pikapu. Kwa trela la kilo 2,100, hizo ni kilo 315 hadi 525, na nafasi ya kupakia magunia imekwisha. Kwenye pikapu ya milango minne, ambayo sehemu yake ya mizigo ni fupi, pembe ya trela inaweza kugonga kabati la dereva gari likikata kona.

Kwa mkulima wa kawaida basi, kiungo cha nyuma chenye tufe la chuma la milimita 50 kinatosha. Kifungwe kwa bolti kwenye fremu, mahali palipotengwa na mtengenezaji, wala si kuchomelewa kwenye bampa. Tufe na kikombe cha trela viwe vya kipimo kimoja. Tufe la milimita 47.6 ndani ya kikombe cha milimita 50 linaweza kuchomoka kwenye shimo la kwanza. Minyororo miwili ipishane chini ya kiungo. Trela lisajiliwe kwa nambari yake inayoanza na herufi Z, na kampuni ya bima iarifiwe.

Kuna watakaosema kuwa trela lenye breki ni ghali. Ni kweli. Lakini anayerudi kutoka Nairobi na tani mbili za mbolea atateremka Mai Mahiu, na huko trela lisilo na breki ndilo humsukuma dereva. Bei ya breki hailingani na ya gari jipya, sembuse maisha ya watu.

Anayepiga hesabu hii akapata kwamba pikapu yake haitoshi hajapoteza kitu. Kama mavuno ni ya wiki chache kwa mwaka, akodi lori, na pikapu idumu kwa kazi iliyonunuliwa kufanya.