Kabla Hujamwaga Uji wa Soya



Leo tunaongea juu ya uji. Tunajua kuna watakaocheka waseme vijana hawa wamekosa cha kuandika. Sawa, cheka kwanza, halafu soma.

Mwenzetu mmoja wa kikundi alifika kwa dada yake, huku upande wa Busia Uganda, akakuta mfuko mzima wa unga wa soya umemwagwa kwenye shimo la takataka. Kuku ndio walikuwa wanaula. Alipouliza, dada akamchezeshea ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mama mmoja asiyejulikana anaongea kwa uchungu: soya inaotesha wavulana matiti, soya inamaliza nguvu za kiume, soya inaleta kansa kwa wanawake, na soya ndiyo ile iliyoua watu Karamoja. Mwisho anasema tuma kwa watu kumi uokoe maisha.

Dada ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Baada ya kumwaga ule unga, mtoto akabaki na uji wa muhogo mtupu na chai ya rangi. Miezi miwili haikuisha, miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundunyekundu, mtoto akawa analia tu hataki kucheza. Mama alifurahi kwanza, akadhani ananenepa. Kumbe ni kwashakoo. Kule kituo cha afya mhudumu alibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Tunashukuru Mungu, mtoto alipona na sasa anakimbizana na wenzake. Lakini tulikaa chini tukaulizana: ni nini kilichotaka kumuua huyu mtoto? Si soya. Ni kukosa soya, na ujumbe wa sauti wa dakika tatu.

Ndiyo maana tunaandika. Msimamo wetu tunausema mapema: soya iliyopikwa vizuri si sumu. Kuna mambo ya kuangalia, tutayasema bila kuficha. Lakini kuikimbia kabisa, kwa watu wenye hali kama yetu, ni kujiumiza wenyewe.

Tuanze na hili la Karamoja, maana ndilo linalotisha watu zaidi, na lina ukweli ndani yake. Machi 2019, katika wilaya za Napak na Amudat, watu walianza kuugua baada ya kula uji wa unga ulioongezwa virutubisho, ule wa mahindi na soya ambao Shirika la Chakula Duniani, WFP, huwapa mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto waliokonda. Watu walitapika, wakaumwa vichwa, wakachanganyikiwa akili, wakaongea maneno yasiyoeleweka. Mamia waliugua na watano walifariki. WFP ikasimamisha ugawaji wa unga huo. Hilo lilitokea kweli, na si vizuri kumwambia mama ati ni uongo mtupu.

Sasa sikiliza uchunguzi ulikuta nini. Kwenye unga kulikuwa na sumu inayotoka kwenye mnanaha. Unaujua mnanaha, hata kama hujui jina: ni lile gugu la kandokando ya shamba, lenye ua jeupe refu kama tarumbeta na tunda la miiba. Mbegu zake zikivunwa pamoja na mazao na zisipochujwa, zinasagwa humo humo. Sumu yake ndiyo hiyo inayokausha mdomo na kuvuruga akili. Kwa hiyo waliokufa hawakuuawa na soya. Waliuawa na uchafu ulioingia kwenye chakula, na na watu waliopaswa kukagua wasiuone. Mnanaha unaweza kuingia kwenye mtama, kwenye wimbi, kwenye mahindi. Je, tutaacha na posho?

La pili, matiti na nguvu za kiume. Hapa wanaume wa kijiweni huwa wakali kweli. Ni hivi: soya ina kemikali za mmea ambazo umbo lake linafanana kidogo na homoni ya kike, istrojeni. Kufanana si kuwa kitu kimoja. Ufunguo wa nyumba ya jirani unaweza kuingia kwenye kitasa chako na usifungue mlango. Watafiti wamelipima jambo hili kwa wanaume wengi. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali ulitoka mwaka 2010, na mwingine mkubwa zaidi ukatoka 2021, wenye tafiti 41. Yote miwili haikuona soya ikishusha homoni ya kiume.

Basi uvumi ulitoka wapi? Kuna kisa kimoja kilichoandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 2008. Mzee wa miaka 60 alivimba matiti kweli. Walipomhoji wakakuta anakunywa maziwa ya soya karibu lita tatu kila siku. Alipoacha, akarudi sawa. Lita tatu, jamani! Nani hapa Sofia au kule Malaba ana pesa ya kunywa lita tatu za maziwa ya soya kila siku? Sisi tunazungumzia kikombe cha uji asubuhi.

Na tuangalie watu wa China na Japani. Wamekula soya kwa mamia na mamia ya miaka, na hatujasikia kwamba wanaume wa huko wameshindwa kupata watoto.

La tatu, kansa ya matiti. Hili linawatia mama zetu hofu, na tunalielewa, maana kansa si mchezo. Huko Shanghai, watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 5,000 ambao tayari walikuwa wametibiwa kansa ya matiti. Matokeo yalichapishwa 2009: waliokula soya zaidi kwenye chakula cha kawaida ndio ambao ugonjwa uliwarudia kidogo, na vifo vyao vilikuwa vichache kuliko wa wale waliokula kidogo. Hatusemi soya ni dawa ya kansa. Tunasema tu kwamba kile kilichohofiwa hakikuonekana.

La nne, ati soya yote imegeuzwa maabara. Ni kweli Marekani soya karibu yote inayolimwa ni ya namna hiyo. Lakini soya zinazolimwa na wakulima wa Uganda ni nyingine. Aina za Maksoy zilitoka Chuo Kikuu cha Makerere, zikazalishwa kwa kuchavusha na kuchagua mbegu, namna ya kawaida, hasa ili zistahimili ugonjwa wa kutu ulioharibu mashamba ya soya nchini. Mtu akikuuzia soya sokoni Tororo, muulize imelimwa wapi. Atakuambia.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana tukisifia tu mtasema tumelipwa.

Soya mbichi ina madhara. Hilo ni kweli kabisa. Punje mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, ndiyo maana aliyekula unga usioiva huharisha au kujaa gesi. Moto ndio unaoondoa hicho kitu. Kwa hiyo yule anayesaga soya mbichi, anakoroga uji dakika tano anampa mtoto, halafu anasema soya mbaya, tatizo ni jiko, si soya.

Pia kuna watu ambao miili yao inaikataa soya, kama wengine wanavyokataa karanga au samaki. Akila anawashwa, anavimba midomo, anabanwa kifua. Huyo aache na aende hospitali haraka. Anayemeza dawa za tezi la shingo asizinywe pamoja na soya, maana inazuia dawa kuingia mwilini vizuri. Amuulize daktari apishanishe saa ngapi. Na mtoto aliye chini ya miezi sita ni wa ziwa la mama tu. Maji ya soya yaliyokamuliwa nyumbani hayachukui nafasi ya maziwa ya mama, hata kama yanafanana rangi.

Lakini hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kuvu. Hapa mpakani tunalijua jambo hili kwa jina la aflatoksini. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Na Machi 2021 si mnakumbuka? Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, malori yakapanga foleni hapa Busia na Malaba, wabeba mizigo wakakosa kazi, mpaka masharti mapya yalipotoka siku chache baadaye. Sumu hiyo huingia sana kwenye mahindi na karanga. Sasa fikiria ule unga wa lishe unaouzwa kwenye vimifuko bila jina, umechanganywa soya, karanga, mahindi, mukene na sijui nini. Mfanyabiashara asiye mwaminifu anatupia humo karanga zilizokunjamana, zile ambazo hawezi kuziuza zikiwa nzima, maana zikishasagwa huwezi kuziona. Mama ananunua akidhani anamjenga mtoto. Hapo ndipo tungependa watu waelekeze hofu yao.

Ushauri wetu ni rahisi: nunua punje, usinunue unga usioujua. Chagua kwa mkono, toa zilizooza, zenye kuvu, na mbegu zozote usizozitambua. Osha. Chemsha nusu saa, sugua maganda yatoke, anika mpaka zikauke kabisa, halafu kaanga mpaka zibadilike rangi na zinukie. Ndipo upeleke mashineni. Makopo manne ya mahindi au wimbi kwa kopo moja la soya yanatosha. Uji wenyewe uchemke vizuri, usiwe wa kupashwa tu. Ukiwa na mukene kidogo au yai, ongeza. Mama wa Uganda wanaita chakula cha mchanganyiko namna hii kitobero, na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale Mulago kimewafundisha wengi.

Kwa nini tunang'ang'ana na soya? Kwa sababu punje kavu ya soya ina protini zaidi ya theluthi ya uzito wake, na ni protini kamili, inakaribia ile ya nyama. Na sisi nyama tunaiona wapi? Wengi wetu tumetoka Kivu, tumepita kambini kabla ya kuja kutafuta maisha huku mpakani. Wengine ni watoto wa wale waliovuka kutoka Kenya baada ya uchaguzi wa 2007, wakapokelewa Mulanda, hapa Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Tunajua mgao ni nini. Aprili 2020 ulikatwa asilimia 30, na Februari 2021 ukakatwa tena ukabaki asilimia 60. Na ukiwa unaishi mjini, nje ya kambi, hakuna mgao kabisa, unajitegemea. Mtu wa namna hiyo ukimnyang'anya soya kwa uvumi, unampa nini badala yake? Yule mama wa ujumbe wa sauti hakusema.

Lakini hatutaki kuwalaumu dada zetu peke yao. Watu hawaamini uvumi kwa sababu ni wajinga. Wanauamini kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Tumepanga foleni miaka mingi tukipewa magunia yaliyoandikwa kwa lugha tusiyoisoma, tukaambiwa "pika hivi," basi. Ukiuliza kuna nini ndani, unaonekana msumbufu. Baada ya 2019, ni wangapi kati yenu mliitwa mkutanoni, mkaelezwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwamba ilikuwa mnanaha? Mahali penye kimya, uvumi hujenga nyumba.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wanaotoa chakula, semeni kilichomo, kilikotoka na kilichopimwa, kwa lugha ya anayekula. Kupewa bure hakumwondolei mtu haki ya kujua anachomeza. Na sisi tunaopokea, tuwe na adabu ya simu. Kabla hujatuma kwa watu kumi, muulize mtu mmoja anayejua: mhudumu wa afya wa kijiji, muuguzi, mwalimu.

Yule dada sasa ananunua soya sokoni mwenyewe, anazichagua kwenye ungo usiku watoto wakilala. Alituruhusu tuandike habari yake, kwa sharti moja tu, tusimtaje jina. Alisema, "Waambieni wasimwage. Wakiogopa, waje waulize kwanza."

Tumewaambia.