UHABA WA VIBARUA NI NGUVU YA NANI?

 

Mwaka huu kabla ya masika, nyumba zilijengwa hapa Mtopanga hata ukipita njia wakanyaga kokoto. Ami yangu ni mtu wa mjengo. Alizoea kuamkia langoni alfajiri, angoje nyapara amwonyeshe kidole. Mara mambo yakageuka, watu wa kazi hawapatikani, nyapara ndiye akaja kwetu kupiga hodi! Ami akataka nyongeza ya mia mbili kwa siku, akapewa bila maneno. Mvua ziliponyesha kazi ikapungua, zile mia mbili zikakatwa, naye hana karatasi ya kuonyesha.

Naona ami alikosea kudai peke yake, tena kwa mdomo tu.

Utumwa ulipofutwa pwani yetu mwaka 1907, wenye mashamba walilia hawana watu. Wengi waliokuwa watumwa walikwenda bandarini Mombasa kupakua meli kwa kibarua cha siku, na asiyependa malipo alibaki na kipande chake cha mihogo. Alikuwa na pa kwenda, ndiyo nguvu yake. Lakini 1947 mji ulishajaa watu na bei zimepanda. Uhaba hapana, basi wakautengeneza wenyewe! Kuanzia Januari 13, watu wapatao 15,000 wa bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa nyumbani, waligoma siku 12, wakikutana mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Serikali ikaunda baraza la kuamua, na mishahara ikaongezwa. Kiongozi wao Chege Kibachia alilipia: alikamatwa Agosti mwaka huo huo, akapelekwa mbali huko Baringo.

Siku hizi sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefika mwezi ahesabiwe mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Ami hakujua, nilimsomea mimi.

Wako watakaosema, ati ukidai sana tajiri atachukua mwingine. Kweli atachukua, ikiwa huyo mwingine hamkusemezana naye. Masika yakiisha mijengo itaanza tena. Ami na wenzake watatu wameshakaa barazani mara mbili kupanga watakachodai, na kiandikwe. Wa tano bado anaogopa. Ana watoto wachanga, nami simlaumu.