UTANDO BORA, BORA KWA NANI?



Siku hizi habari za haidrojeni zimejaa kila mahali. Tunaambiwa kwamba magari na mitambo ya kesho haitatoa moshi, itatoa maji matupu. Habari hizo si za uongo, wala sisi wa chama hatuzipingi. Mwenzetu anayeshinda ghalani akivuta moshi wa mashine za kupakia mizigo atakuwa wa kwanza kufurahi moshi ukiondoka. Lakini ndani ya mtambo huo mna kitu kimoja ambacho hatujasikia kikizungumzwa mbele ya wafanyakazi. Kitu hicho ni utando.

Seli ya haidrojeni hufanya kazi hivi. Upande mmoja huingia haidrojeni, upande wa pili huingia hewa, na katikati umewekwa utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele. Haidrojeni hupasuliwa kwa msaada wa madini ya platinamu. Utando hukaa kama askari wa getini: protoni zinaruhusiwa kupita, elektroni zinaambiwa zizunguke nje kwa njia ya waya. Kule kuzunguka kwao ndiko umeme. Zikikutana tena na oksijeni upande wa pili, hugeuka maji.

Mwaka 1965 seli za namna hii, zilizobuniwa na General Electric, zilikwenda angani katika chombo cha Wamarekani, Gemini 5. Utando wa siku zile ulikuwa dhaifu na ulichakaa upesi. Baadaye ukaja utando uitwao Nafion, wa kampuni ya DuPont, ambao plastiki yake ina florini. Huo umekuwa kipimo cha tando zote hadi leo. Wataalamu wanaendelea kuuboresha, maana unataka unyevu saa zote, na joto likifika kiasi cha digrii 100 hukauka ukaacha kufanya kazi. Wapo wanaoupunguza unene na kuutia wavu ndani usichanike. Wapo wanaotia seriamu ili usiliwe na kemikali zinazozaliwa humo humo ndani ya seli. Kazi hiyo tunaiheshimu. Hata hivyo kipimo chao ni joto, umeme, saa za kudumu na bei. Aliyeutengeneza utando hayumo katika hesabu.

Haki lazima isemwe. Tando za jamii hiyo zilipoingia katika viwanda vya klorini na kostiki soda zilichukua nafasi ya zebaki na asbesto, sumu mbili zilizoua wafanyakazi wengi. Kwa hiyo utando huu si adui kwa asili yake.

Lakini Nafion inatengenezwa wapi? Inatengenezwa katika kiwanda kilicho karibu na mji wa Fayetteville, North Carolina, kando ya mto Cape Fear. Tangu mwaka 2015 kiwanda hicho kiko chini ya kampuni ya Chemours, iliyozaliwa na DuPont. Mwaka 2017 wakazi wa Wilmington, walio mbali kule mto unakoelekea, waliarifiwa kwamba maji yao ya kunywa yana kemikali za florini zitokazo kiwandani humo. Watu zaidi ya 300 walipimwa damu, na karibu wote walikutwa na taka itokanayo na utengenezaji wa Nafion yenyewe. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 na kupunguza uchafu wake. Kemikali za jamii hii haziozi upesi. Hukaa majini, ardhini na mwilini miaka mingi.

Nao wafanyakazi? Katika kiwanda cha DuPont huko Parkersburg, West Virginia, kilichotengeneza Teflon, wanawake waliondolewa mwaka 1981 katika sehemu zilizotumia kemikali iitwayo C8, kwa kuhofia watoto wao wasizaliwe na kasoro. Wananchi wa jirani walichelewa sana kujua. Mwaka 2017 zikalipwa dola milioni 671 kumaliza kesi za watu waliougua.

Sasa wapo wataalamu wanaotafuta utando usio na florini. Umeanza kufanya vizuri, na huzuia gesi kuvuja kuliko ule wa zamani. Kasoro yake ni kuvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mwaka 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norwei na Sweden zilipendekeza kemikali hizi za florini zizuiwe Ulaya, na wenye viwanda wakaomba utando wa seli uachwe kwa kuwa hauna mbadala. Kwa maoni yetu, mbadala hautapatikana upesi ikiwa ruhusa haina tarehe ya mwisho. Mwenye mali haachi kinachomlipa kwa kuhurumia mto.

Wa mashambani wasidhani haya hayawahusu. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko California waliotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, waligundulika kuwa wamekuwa tasa. Baada ya hapo dawa hiyo iliendelea kumwagwa katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, na vibarua wa huko nao wakawa tasa.

Mkataba nambari 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi haki ya kujua jina na hatari ya kemikali anayoishika. Mitambo ya haidrojeni ikiletwa kwetu, viongozi wa matawi waulize kabla ya kusaini: utando wake ni wa namna gani, ukichakaa utachomwa au utafukiwa wapi, na nani atapima damu ya watakaoushika. Majibu yaandikwe katika mkataba wa kazi, si katika barua ya meneja.