Tupime mafuta ya trakta mbele ya pompi kufa



Mwaka jana, katikati ya kulima, trakta ya koperative yetu ilikataa kuinua jembe. Komite ikaita fundi, akatoa pompi ya idroliki, akaweka mpya. Tukashangilia. Kumbe mafuta ni yale yale, na unga wa chuma wa pompi iliyokufa ulibaki ndani ya mipira. Pompi mpya ikala ule unga, msimu haukuisha nayo ikakufa. Tulilipa mara mbili, na wengi wetu tukalima kwa mkono huku mvua inatupita.

Fundi alikosa, ndiyo. Lakini na sisi tulikosa, juu hakuna hata mmoja aliyeomba kuona mafuta.

Wengine wanasema: mafuta ni safi, munatafuta nini tena? Jicho la mtu haliwezi kuona kipande kilicho chini ya mikroni 40 hivi. Ndani ya pompi, nafasi kati ya chuma na chuma mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Vile visivyoonekana ndivyo vinakwaruza. Labo huhesabu kuanzia mikroni 4.

Labo hatuna karibu, ni kweli. Lakini sumaku tunayo. Trakta ikitoka shambani, tushushe jembe chini, tuzime moteri, tuchote mafuta yangali na joto, mbele uchafu haujatulia chini. Chupa iwe safi na kavu, si ile ya kuokota njiani! Tuyachuje kwa kitambaa cheupe, tupitishe sumaku. Filtri ya zamani tuipasue, tuangalie mikunjo yake. Na sumaku isiposhika kitu tusifurahi haraka: haishiki shaba, na ung'avu wa rangi ya shaba kwenye kitambaa unaweza kuwa bushi ya pompi inayolika.

Tukikuta vipande vya kushikika kwa vidole, trakta isimame siku ile ile, hata kama zamu inayofuata ni ya prezida.

Kwenye mkutano mkuu tunaomba mambo mawili. Feza ya filtri na mafuta itengwe mbali na ya matengenezo, isiguswe. Na kila kipimo kiandikwe kwenye daftari ya trakta, pamoja na saa ilizofanya kazi. Daftari isiposainiwa, shofere asilazimishwe kulima.