Nani Amefungiwa Nje? Hakimiliki, Mtandao na Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Mjadala juu ya hakimiliki katika zama za dijitali umeachiwa mawakili na wachapishaji. Sisi wa fasihi, ambao ndio tunaoziandika na kuzisoma kazi zinazobishaniwa, tumekaa kando kana kwamba ugomvi ni wa majirani. Matokeo yake ni kwamba hoja mbili potofu zimeenea bila kupingwa. Ya kwanza inashikilia kwamba chochote kilichoingia katika intaneti ni halali ya kila mtu. Ya pili inashikilia kwamba kila maandishi, yawe riwaya au makala ya utafiti, ni mali ya kufungiwa na kuuzwa kwa namna moja. Makala haya yanazipinga zote mbili. Tunadai kwamba haki inayomlinda mtunzi wa riwaya haifai kuwa kufuli ya makala ya mhakiki, na kwamba wanaozichanganya kazi hizi wanaidhuru fasihi ya Kiswahili.

Haki na Mapokeo

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710, ambayo huhesabiwa kuwa chimbuko la hakimiliki ya kisasa, ilijitangaza kuwa sheria ya kuhimiza elimu. Kitabu kipya kilipewa ulinzi wa miaka 14, na miaka 14 mingine iwapo mwandishi angali hai. Leo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya fasihi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekani iliongeza muda huo hadi miaka 70 mwaka 1998, na nyongeza hiyo ikazihusu hata kazi za waliokwisha kufa. Hakuna marehemu anayehimizwa kuandika kwa kuongezewa miaka.

Mapokeo yetu yalikuwa na adabu zake za umiliki kabla ya sheria hizo kufika pwani. Aghalabu mtunzi wa utenzi alimalizia kwa kutaja jina lake, mwaka wa utunzi na idadi ya beti. Jina lilimpa heshima yake. Idadi iliwafichua waliopunguza na waliopachika. Kunakili kwenyewe hakukuwa wizi. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umetufikia kwa sababu mikono mingi iliunakili. Muyaka wa Mwinyi Haji alifariki mwaka 1840 bila kuona ubeti wake hata mmoja ukipigwa chapa. Tungo zake zilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, nazo hati zikabaki London.

Tuseme wazi: hakuna hakimiliki iliyomzuia mwanafunzi wa Mombasa kuzisoma hati za mshairi wa mji wake. Kilichomzuia ni nauli. Ndiyo maana uamuzi wa chuo cha SOAS wa kuweka sehemu ya hati zake za Kiswahili kwenye mtandao una uzito kuliko maazimio mengi ya makongamano yetu. Fasihi iliyookolewa kwa kunakiliwa imerejea nyumbani kwa kunakiliwa.

Wanaosema Kila Kitu ni Bure

Kutokana na historia hiyo wapo wanaohitimisha kwamba basi hakimiliki haina maana, na kwamba riwaya teule inayosambazwa kwa simu kutoka mwanafunzi mmoja hadi mwingine inaendeleza mapokeo ya manakili wa kale. Hoja hii haisimami. Mtunzi wa kale hakuutegemea mrabaha. Mwandishi wa leo anautegemea, hata kama ni mdogo. Soko la kitabu cha Kiswahili nchini Kenya linabebwa kwa kiasi kikubwa na shule. Riwaya ikiibwa katika soko hilo, mchapishaji atajifunza somo moja tu: achapishe vitabu vya kiada, aziache riwaya na diwani. Anayedai kuikomboa fasihi kwa kumnyima mtunzi aliye hai jasho lake anaipunguza kesho ya fasihi hiyo.

Zaidi ya hayo, sheria yenyewe imeacha mlango wazi ambao watetezi wa bure hawajishughulishi kuupita. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa kuwa Kenya na Tanzania zote zimeweka muda wa miaka 50 baada ya kifo, maandishi aliyoyachapisha akiwa hai yalitoka katika ulinzi huo mwishoni mwa mwaka 2012. Ni idara gani ya Kiswahili iliyojitwika kazi ya kuandaa matoleo yake ya kihakiki, yenye maelezo, na kuyaweka wazi kwa wote? Ni rahisi kuiba cha aliye hai kuliko kuhudumia kilicho halali.

Wanaosema Kila Kitu Kifungwe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wachapishaji wa riwaya wana hoja. Wachapishaji wa majarida ya utafiti hawana hoja hiyo. Mhakiki halipwi mrabaha kwa makala. Mshahara wake, maktaba yake, na mara nyingi safari yake ya utafiti hulipiwa na umma. Wenzake huisoma na kuipiga msasa makala hiyo bila malipo. Kisha hutia sahihi hati ya kuikabidhi haki yote kwa kampuni, na maktaba ya chuo chake hutakiwa kuinunua. Azimio la Budapest la mwaka 2002 liliitambua tofauti hii lilipoitetea fasihi ile ambayo wanazuoni huitoa kwa ulimwengu bila kutazamia malipo.

Kampuni zilipoona mlango wa kusoma unafunguka, nyingi zilihamishia kufuli kwenye mlango wa kuandika: sasa msomaji hasomi kwa malipo, bali mwandishi hutozwa ada ili achapishwe. Kwa mhadhiri wa chuo kisicho na fungu la ada hizo, huu si uwazi. Atasoma ya wengine bure na kunyamaza kwa gharama.

Tutaambiwa kwamba kisichouzwa hakina ubora. Ubora wa makala hutokana na ukali wa wasomaji wake wa awali, si bei yake. Jarida la Swahili Forum linasomwa bure kutoka Leipzig, na sijasikia mhakiki yeyote akilidharau kwa sababu hiyo. Majarida laghai yapo, ni kweli. Lakini yamestawi kwa sababu kamati zetu za kupandisha vyeo huhesabu makala kabla ya kuzisoma.

Mipaka ya Uwazi

Uwazi nao una adabu. Msimulizi wa kijijini aliyerekodiwa na mwanafunzi wa uzamili hakutia sahihi hati yoyote ya Budapest. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inadai idhini ya jamii, nasi tusiikwepe kwa kisingizio cha mtandao. Sauti ya mtu iwekwe wazi kwa ridhaa yake, ikiwa na jina lake na la mahali pake. Vinginevyo tutakuwa tumeurudia mtindo ule ule wa wakusanyaji wa kikoloni, kwa kasi kubwa zaidi.

Hitimisho

Hatuhitaji kungoja bunge. Sheria ya mwaka 2001 huihesabu kazi ya mwajiriwa kuwa ya mwajiri wake, isipokuwa wakikubaliana vingine. Vyuo vyetu basi vina uwezo wa kudai kwamba nakala ya kila makala ihifadhiwe kwao na isomwe na wote. Tasnifu za uzamili na uzamifu ziwekwe wazi. Majarida ya idara, hili likiwamo, yachapishwe bila kufuli na bila ada. Kabla ya kutia sahihi mkataba, mhadhiri ausome kwa makini ule ule anaousomea ubeti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali tunayoipoteza sasa tunaitoa kwa mikono yetu wenyewe.