Filamu ya Ufundi Ionyeshe na Jasho Lake

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Kihonda, mjini Morogoro, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya kiwandani kwa zaidi ya miaka ishirini. Binti yake wa pili amemaliza kidato cha nne, na sasa yuko nyumbani akimsaidia mama yake kukaanga maandazi ya kuuza. Jioni ile binti alileta simu ili amwonyeshe baba yake filamu fupi inayowahimiza vijana wajiunge na kazi za nishati jadidifu, yaani nishati itokanayo na jua, maji, upepo na mabaki ya mimea.

Filamu yenyewe ilipendeza macho. Vijana waliovaa kofia ngumu nyeupe walitembea kati ya safu za paneli, muziki ukapigwa, wote wakatabasamu, na sauti ikatangaza kwamba kesho ni ya vijana. Ilipokwisha, mzee alirudisha simu akauliza maswali matatu: "Nani atakufundisha, mwanangu? Utalipwa nini? Na ukianguka kutoka juu ya paa la mtu, nani atakuuguza?" Binti akainamisha kichwa. Filamu haikuwa imempa jibu hata moja.

Wako watakaosema kuwa mzee huyu ni mtu wa kale asiyependa maendeleo. Mimi sisemi hivyo. Maswali yake ni ya mzazi yeyote anayetoa karo katika mshahara mdogo, na filamu isiyoyajibu haijafanya kazi iliyoitwa kuifanya.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ufundi huu hauwezi kujiuza wenyewe, kwa kuwa wanaoufanya hawaonekani. Mkoa wa Morogoro umeilisha nchi umeme kwa miaka mingi. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kihansi, megawati 180, ilifuata kufikia mwaka 2000. Na katika Mto Rufiji, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Pwani, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024. Mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Viwanda vya sukari vya Kilombero navyo huchoma makapi ya miwa na kupata mvuke na umeme. Pamoja na hayo yote, ni watoto wangapi wa Morogoro waliowahi kumwona fundi akikaza nati ya mtambo? Mtoto humwona mwalimu, muuguzi, askari na dereva wa bodaboda kila siku, na hao ndio anaowaza kufanana nao. Kwa hiyo filamu inahitajika sana. Swali ni filamu ya namna gani.

Jambo hili si geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa filamu ya Muhogo Mchungu, kuhusu mtu wa shamba aliyefika Dar es Salaam. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana mtumishi wa serikali, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watazamaji hawakuonyeshwa mgeni wa kuwafundisha maisha. Walimwona mtu wa kwao, akisema lugha yao, akipata taabu wanazozijua.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, wamepelekwa Tilonia, India, kujifunza kwa miezi sita kuunda na kutengeneza vifaa vya umeme wa jua. Wengi wao hawakusoma shule, wala hawakujua lugha ya walimu. Walifundishwa kwa ishara na kwa rangi za vipuri. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yalianzishwa pia Kinyasini, Unguja. Mwaka 2012 ilitoka filamu inayomhusu mmoja wa wanafunzi wa Tilonia, mama wa Kibedui kutoka Jordan aitwaye Rafea. Haikuficha taabu yake: mumewe alimtishia talaka na kunyang'anywa watoto, akalazimika kurudi nyumbani katikati ya masomo, kisha akarejea darasani. Mzazi aitazamapo hujua kwamba haya ni maisha ya kweli, naye huamini na yale mengine anayoambiwa.

Basi, kama ningepewa kamera na siku chache, ningeipanda milima ya Uluguru. Ningemfuata fundi mmoja, ikiwezekana mwanamke, kutoka stendi ya mjini hadi Mgeta, akiwa na mfuko wa vifaa begani. Ningemwonyesha akiingia katika nyumba ambayo taa zake huzimika saa mbili usiku, akigundua kwamba mti umeota na kuitia paneli kivuli, au kwamba waya uliotumika ni mwembamba mno. Watazamaji wamwone akijifunga mkanda kabla ya kupanda juu ya paa, na akieleza kwa nini hapa kwetu, kusini mwa Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini.

Kisha ningevuka hadi upande wa mashariki wa milima hiyo, unaopokea mvua nyingi kutoka baharini. Huko mawingu hulifunika jua mara kwa mara, lakini vijito huteremka kwa kasi. Fundi aonekane akipima maji kabla ya kumshauri mtu anunue nini, ili vijana waelewe kwamba ufundi huu unataka akili na hesabu, si nguvu za mikono peke yake. Na asisahau kusema kwamba msitu ukifyekwa kule juu, kijito hukauka na mtambo husimama.

Mwisho ningemwomba afungue daftari lake la mapato mbele ya kamera: mwezi wa kazi nyingi na mwezi wa njaa, mteja aliyelipa na mteja aliyekopa. Aseme alisoma wapi, kwa muda gani, kwa karo kiasi gani. Aeleze pia kwamba afungaye nyaya za umeme majumbani hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Filamu ya namna hiyo huenda ikawapunguza watakaojiandikisha siku ya kwanza, lakini watakaobaki watakuwa wanajua walichokifuata, na karo ya wazazi wao haitapotea.

Narudi kwa mzee wangu. Nilimwuliza kama anajua kwamba pale pale Kihonda kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA, na kwamba umeme ni miongoni mwa masomo yake. Akacheka kidogo: "Kijana wangu, mimi hupita pale kila siku." Hakuwa amewahi kuingia kuuliza, na ile filamu ya kofia nyeupe isingeweza kumtuma huko, maana haikutengenezwa kwa ajili ya Kihonda.

Hakukubali jioni ile, nami sikumlazimisha. Lakini nilipoaga, binti alitusindikiza mpaka barabarani, na nikamsikia baba yake akimwambia kwa sauti ya chini, "Jumatatu natoka zamu saa nane. Vaa viatu vya kufunga, twende tukaulize."