Barua ya Posa Isubiri Mavuno
Mume wangu nilimwona kisimani hapa Mvumi, Kilosa, mara nyingi kabla sijamjua jina. Shangazi alitaka niolewe na mwenye duka wa mjini, lakini moyo ulikuwa umeshamzoea huyu wa ndoo mbili. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba tunachokiona mara kwa mara huanza kutupendeza. Naamini kabisa. Ila mazoea hayakuniambia kama ana huruma. Hilo nililiona mama alipougua, akaja kutupalilia mahindi bila kuitwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Mtu ataridhia vipi asichokijua? Binti yangu ameleta jina. Nimemwambia amtazame kwanza kijana akiwa shambani, amechoka, amekasirika. Barua ya posa isubiri mavuno.